Harufu ya Jana

Mchumba alikuwa amejibana nyuma ya kiti cha dereva, pua imezama kwenye kitambaa, anavuta pumzi kama mgonjwa wa pumu.

"Bado imo," alisema. "Imejichimbia humu ndani."

"Unanusa kama paka aliyepotelewa na samaki," binti alimcheka, ameegemea mlango wa gari. Lakini kila mara alichungulia mlango wa nyumba.

Gari lilikuwa la baba yake. Waliliazima jana jioni, na kwenye foleni binti akawasha sigara. Saa nne kamili mzee angetoka ndani awapeleke wote wawili kazini. Saa tatu na nusu ilishapita.

"Ulivuta moja tu?"

"Moja na nusu. Ile nusu ulinipigia kelele nikaitupa."

Mzee alikwisha kusema: siku atakayosikia tena harufu ya sigara kwa bintiye, binti afungashe virago. Hakuwa mtu wa kutisha bure. Kaka mkubwa alitolewa nje kwa kosa hilo hilo, na mpaka leo jina lake halitajwi mezani.

Basi mchumba akasugua. Magadi ya unga aliyanyunyiza tangu saa moja, yakakaa, akayafyonza kwa mashine. Sasa ilikuwa zamu ya siki na maji ya uvuguvugu: viti, mikanda, hata kitambaa cha dari; kiti cha dereva akakisogeza mbele apate nafasi. Manukato hakuyagusa, yangekuwa sawa na kumwita mzee aje anuse. Alimalizia kukausha kwa mashine ya nywele ya binti, jasho likimtiririka mgongoni.

"Na akijua?"

"Akijua, nimevuta mimi. Hata anichune ngozi, wewe sikutaji. Unanionaje, bwana? Mimi ni mwanaume."

Binti alimtazama kama mtu aliyepata ukuta wa kuegemea.

Mlango wa nyumba ukalia. Mzee akatoka, mrefu kama mlingoti, funguo zinaning'inia kidoleni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkwe ananisafishia gari asubuhi yote hii! Leo unataka kuniomba nini?"

"Heshima tu, baba."

Walipanda, binti nyuma, mchumba mbele kando ya mzee. Vioo vilikuwa juu. Kufuli zote nne zikajifunga kwa pamoja, ta! Mchumba alibana pumzi.

Mzee hakuwasha gari. Alikaa wima, uso umekunjamana.

"Siwezi kuendesha hivi," alisema taratibu. "Nani amevuta?"

Mchumba alijaribu kitasa cha mlango. Hakikufunguka.

"Mlikuwa nalo ninyi wawili, hakuna mwingine. Nauliza tena. Nani amevuta?"

"Ni binti yako, baba!" Maneno yalimtoka kama chafya. "Jana, kwenye foleni! Nilimkataza, hakusikia. Mimi simo!"

Mzee alimgeukia polepole, magoti yamekwama kwenye usukani, mkono mmoja bado unapapasa chini.

"Kiti," alisema. "Nilikuwa nauliza nani amevuta kiti."