Mstari wa Nyuma

Injinia Hidaya alikuwa ameahirisha tena kikao na Sekela, injinia mchanga aliyemlea kikazi. Safari hii alimpigia simu amwambie ukweli.

"Mdogo wangu, tafuta mwingine wa kukuongoza. Mimi nafasi sina."

"Dada, kusuka unasuka lini?" Sekela aliuliza.

Jumamosi alimkuta saluni, kichwa kimeshikwa na msusi, hana pa kukimbilia. Sekela alivuta kigoda, akakunjua mchoro wa daraja lake la kwanza. Walibishana kuhusu nguzo, wakacheka, wakabishana tena.

"Tayari," msusi alisema, akimpa kioo.

Hidaya hakukipokea. Macho yake yalikuwa bado kwenye mchoro.

"Mstari wa nyuma umepinda. Hebu ufumue, usuke upya."

Msusi aliupapasa mstari ulionyooka vizuri, akamtazama Sekela, kisha akaanza kufumua taratibu.