Chenga

Fundi Sekiza alifurahi picha ilipotulia. Asubuhi nzima alikuwa ameinamia televisheni ndogo ya zamani, yenye mkono wa kubebea, akibadilisha kapasita na kuiunganisha na king'amuzi, maana mitambo ya siku hizi haisikilizani tena na televisheni za namna ile.

"Haya, Bi Zamoyoni. Imetulia kama maji mtungini."

Bi Zamoyoni hakucheka. Alimtazama mumewe, Mzee Hemedi, aliyekaa kitini akiikodolea macho picha kama mtu anayetazama ukuta.

"Maradhi ya kusahau yamemfunga kinywa," alisema. "Hajaniita kwa jina tangu mfungo uliopita. Fundi, nirudishie chenga."

"Chenga? Mama, mimi watu huniita niziondoe!"

"Nilikwambia iwe kama zamani."

Sekiza alijikuna kichwa. Hakuelewa, lakini kazi ni ya mwenye kazi. Akachomoa waya wa king'amuzi. Kioo kikajaa vidoa vyeupe vinavyochemka, na mvumo ukaenea chumbani.

Mzee Hemedi akakunja uso, akajisogeza mbele.

"Zamo! We mwanamke, geuza antena! Mpira unaanza!"

Bi Zamoyoni akairukia antena, machozi yakimtoka.

"Hapa, bwana?"

"Bado. Kushoto kidogo."

Akaizungusha taratibu. Sekiza alibaki amesimama na waya mkononi, asijue auweke wapi.

"Hapo, bwana?"

"Bado, Zamo. Bado."