Fimbo ya Trauti

"Mtu mzima hovyo!" Lukas alipaza sauti hata kabla hajaegesha baiskeli. "Yuko wapi huyo bwana trauti? Yuko ndani? Atoke nje tumwone!"

Klementi hakutoka. Watu waliokuwa uani waligeuza shingo. Mmoja aliguna, mwingine akaziba mdomo kwa kiganja.

Shangazi Romana alimvuta Lukas pembeni, karibu na jiko.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Afadhali umekuja, mwanangu. Antonia hajasema neno tangu juzi. Mumewe karudi kutoka mtoni na ile fimbo yake, kasema kifua kinambana, kaingia kulala. Basi, tangu hapo mwenzake kawa jiwe. Hali, hanywi, hata chozi hana. Mtu akikaa hivyo anaharibikiwa, Lukas. Mfungue mdomo."

"Kifua kinambana!" Lukas alisonya. "Huyo siku zote akiona mambo mazito hukimbilia kitanda."

Alikuwa na hasira naye kweli. Kumsimanga Klementi haikuwa kazi ngumu, alikuwa ameifanya tangu utotoni. Kazi ilikuwa Antonia. Alikuwa ameketi barazani, mgongo ukutani, macho yamekwama kwenye fimbo ya kuvulia iliyoegemezwa nguzoni. Lukas aliinyakua fimbo hiyo, akasimama katikati ya uwanja.

"Tazameni! Ufuta wa mwaka mzima umeishia hapa. Chembamba hiki, hata mbuzi huwezi kumchapia. Mto Matandu huu hapa umejaa kambale, unamvua hata kwa kamba ya kiatu. Lakini bwana mkubwa hataki kambale! Anataka trauti, samaki wa milimani huko Mbeya, anayekaa kwenye maji ya baridi. Kamwona wapi? Kwenye simu! Hajamshika, hajamla, hata harufu yake haijui."

Watu walicheka. Lukas alimtupia Antonia jicho. Hakutikisika.

"Na chambo chake? Nzi! Nzi wa manyoya ya kuku, kafungwa kwa uzi. Eti samaki atadhani mdudu kaanguka majini. Hao samaki wa Mbeya ni wajinga kuliko yeye?"

Akatoa tumbo mbele, akakaza shingo, akaanza kutembea kama Klementi, hatua za madaha, huku akiupeperusha mshipi nyuma na mbele juu ya vichwa vya watu. Wanawake waliinama wakipiga kelele.

"Miezi mitatu kavua hapahapa uani, pakavu! Kavua jogoo. Kavua shuka kwenye kamba ya nguo. Kavua sikio la Katekista!"

Katekista Benedicto alikuwa amesimama karibu na mlango, kitabu kwapani. Mkono wake ulipanda wenyewe ukagusa sikio, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Toka nje basi ukanushe!" Lukas aliugeukia mlango. "We Klementi! Mbona kuniacha niseme peke yangu?"

Akakohoa, akatema mate, akaendelea kwa ukali zaidi.

"Sasa niwape ya dukani, Dar es Salaam. Mwuzaji kamwambia, mzee, anayeanza huanza na fimbo nyepesi. Huyu kichwa cha panzi kajibu, mimi mwanamume, nipe kubwa kuliko zote! Namba nane! Na hiki kigurudumu cha kuzungushia mshipi kataka cha ghali kinachong'aa, apate kuringia nacho huku Njinjo. Sifa tu! Hakujua alichokuwa anachagua."

"Mwongo."

Neno lilitoka dogo, limekwaruza. Vichwa vyote viligeukia barazani.

"Umesema nini, shemeji?"

"Mwongo wewe, Lukas!" Antonia alikuwa ameshasimama. "Namba nane ya nini? Mimi nilikuwepo! Alichukua namba tano. Alizishika zote, moja moja, anaitikisa huku kafumba macho, mpaka mwuzaji akachoka naye. Akasema ya kuanzia isiwe ngumu, iwe inapinda, ikusamehe ukikosea. Na kigurudumu alichukua cha bei ya chini, maana kwa trauti kazi yake ni kutunza mshipi tu. Pesa iliyobaki akaninunulia sweta. Mimi! Sweta, na joto hili la Njinjo! Eti tukifika Mbeya nisije nikaona baridi nikamwambia turudi."

"Na wewe ukapokea," Lukas alisema kwa dharau. "Kumbe kichaa si mmoja humu ndani."

"Kichaa wewe! Wewe na ukoo wenu mzima!"

Antonia alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa cha kushtukiza, kilichomfanya ashike nguzo. Kikapanda, kikakatika, na machozi yakamtoka kwa mkupuo mmoja, akayumba. Wanawake walimdaka, wakamketisha. Shangazi Romana alimletea maji, naye akanywa kikombe kizima huku analia.

Lukas aliirudisha fimbo nguzoni. Ilimchukua muda kugeuka.

Katekista Benedicto alikifungua kitabu chake.

"Ahsante, mtani, umeifanya kazi yako," alisema. "Haya, wanaume sita tuingie ndani tumbebe. Kaburi limekwisha kuchimbwa."