Sare ya Ijumaa

Enzi za wanyama kwenda ofisini, Swala alikuwa mkuu wa ofisi moja, na shati lake halikuwahi kuonekana na mkunjo. Siku moja aliagiza kwamba kila Ijumaa wafanyakazi wote wavae sare ya kitenge.

Ijumaa ilipofika, Nungunungu, karani mpya, alikuja amevaa matambara. Miiba yake ilikuwa imeitoboa sare yote.

"Ndiyo nguo uliyoona inafaa kazini hiyo?" Swala akafoka.

"Nisamehe, mkuu. Fundi ameishona na kuirudia. Tumboni inanikaa vizuri, ila mgongo wangu haukubali nguo." Nungunungu akainamisha kichwa. "Kama ni lazima, basi nitaacha kazi."

"Nenda kakae mezani kwako," Swala akasema taratibu.

Ijumaa iliyofuata, Nungunungu aliingia amejikunyata. Akawakuta wenzake wote, kuanzia Kima hadi Kiboko, wamevaa kitenge kwa mbele tu kama aproni, migongo wazi. Juu ya kiti chake kulikuwa na kitenge chake cha namna hiyo.

Swala naye alivaa vivyo hivyo, amesimama dirishani akiwapa mgongo. Hapo Nungunungu akaliona kovu refu la kucha za simba, ambalo mashati yale yaliyonyooka yalilificha miaka yote.

"Pole, mkuu," akanong'ona. "Bado linauma?"

"Huuma shati likiligusa," Swala akajibu bila kugeuka. "Leo limepumzika."