Meza ya Raia Tavernot

Kifuniko cha meza kilikwama nusu njia, na Blaise Rouvel hakuwa na haraka nacho. Hakuja kutengeneza meza. Alikuja kutafuta karatasi.

"Kinagoma tangu juzi," alisema Raia Jossart, kamishna mpya wa mtaa. "Nimeambiwa wewe ndiye fundi wa karibu."

"Meza hizi zina kiburi, raia. Kama waliozikalia."

Jossart alicheka peke yake.

Blaise alishaunda meza za kuandikia za kila namna: bapa za mawakili, ndogo za mabibi zenye miguu iliyopinda kama ya swala, zile za kusimama kama kabati ambazo mlango wake ukiulaza unageuka meza. Kuandika mwenyewe hajui, wala kusoma. Hii yenye kifuniko cha mviringo, kinachosukumwa kwenda nyuma, aliiundia kabaila mmoja aliyetaka iishe kabla ya Pasaka. Perrine, mkewe, ndiye aliyeing'arisha kwa nta, huku akimtania kwamba kwa haraka hiyo atasahau hata miguu. "Huku ndani, nyuma ya kifuniko, mbona wazi?" aliuliza. "Wakubwa hawachungulii nyuma," Blaise alimjibu.

Kabaila alitoroka nchi, Jamhuri ikachukua meza, na Tavernot, kamishna wa kwanza, akaikalia.

Mwaka jana Perrine alikamatwa kwa neno moja alilolitupa kwenye foleni ya mkate. Blaise akamwomba mwandishi wa barabarani amwandikie ombi la kuachiwa kwake, akalipiga chini muhuri wake wa chuma, uleule anaogongea mbao. Tavernot aliliweka juu ya rundo la mezani. "Rudi kesho."

Alirudi siku kumi na moja.

"Nilishatia sahihi, raia," Tavernot alimjibu kila mara. "Waulize gerezani."

Gerezani hawakuwa na kitu. Uongo wa wakubwa, wawe na wigi au wasiwe nalo. Siku ya kumi na mbili walimkabidhi viatu vya mbao vya Perrine. Homa, walisema.

Sasa Tavernot naye yuko ndani, kesi yake ni kesho, na shahidi ni Blaise. Alichotaka ni ombi lile lisilo na sahihi, aliinue mbele ya mahakama ili wote waone.

Alitoa droo zote. Tupu.

"Unatafuta dhahabu ya kabaila?" Jossart alimtania.

"Natafuta kinachokwamisha, raia."

Akaigeuza meza, akabandua ubao wa mgongo. Makaratasi yakamwagika, yamejikunja kama majani ya kabichi. Kila mara kifuniko kiliporudi nyuma, kilikuwa kimekokota karatasi ya juu na kuitumbukiza huko. Ya tatu ilikuwa na muhuri wake.

Alimpa Jossart. "Nisomee hapo chini, raia."

"'Aachiwe leo hii.' Sahihi ni ya Tavernot." Jossart aliisogeza dirishani. "Na tarehe ni ya siku ileile ya ombi."

Kisha akachungulia mwanya ulio nyuma ya kifuniko.

"Ubao mmoja tu ungezuia haya yote. Mpumbavu gani aliiunda hii? Si mafundi hugonga muhuri wao huko chini? Hebu inama uangalie."

Blaise alikuwa ameshainama. Kiganja chake kilikuwa kimefunika ubao wa chini, na Jossart, ombi lingali mkononi, alikuwa anapiga magoti kando yake.