Ua la Bibi Nuru

Zama hizo hina haikushika mkononi mpaka mchoro wake uridhiwe na aliyeubuni. Ukinakili ua la mtu kutoka mtandaoni, lilififia mbele ya macho yako, na simu ikakuambia kwa upole uombe ruhusa kwanza.

Mwanakheri, mchora hina wa Tanga, hakuwa na wasiwasi. Ua alilokuwa akimchora bi harusi Zulekha alilisambaza mwenyewe mtandaoni, na maelfu ya watu walilipenda. Alianzia kwenye kifundo cha mkono, kama kawaida yake, akamalizia vidoleni. Papo hapo ua likafifia lote, kama mvuke kwenye kioo.

"Dada, si ulisema ni lako?" Zulekha aliuliza.

"Picha niliipiga mimi," alisema Mwanakheri, sauti ikimpungua. "Lakini mkono ulikuwa wa bibi yangu, na ua alilibuni yeye. Marehemu Bibi Nuru, huu mwaka wa saba."

Hata hivyo alibonyeza palipoandikwa omba ruhusa, ili tu bi harusi asivunjike moyo, kisha akanyanyuka kutafuta mchoro mwingine.

"Dada, njoo uone!"

Ua lilikuwa linarudi, mstari kwa mstari, likianzia ncha ya kidole cha mwisho. Ndivyo Bibi Nuru alivyokuwa akianza. Simu ikawaka juu ya mkeka, na Mwanakheri akaisoma akiwa amesimama, asithubutu kuigusa.

"Chukua, mjukuu wangu. Ila safari hii utaje jina langu."