Sauti Iliyobaki Kwenye Kaseti

Mhandisi Shomvi aliizungusha kaseti kwa kalamu, polepole, mpaka utepe uliochomoka ukarudi ndani. Ndimo ilimobaki sauti ya mkewe, Bi Chausiku, akitega vitendawili kabla kiharusi hakijamfunga ulimi.

"Baba, utakatika huo! Niurekodi kwa simu, tuuweke mtandaoni," alisema binti yao, Rukaya.

"Simu haina siri, mwanangu. Mashine zangu kuukuu kiwandani hazijaunganishwa na mtandao wowote, na hakuna aliyewahi kuziibia neno."

"Basi tumuulize mwenye sauti," alisema Rukaya, akaiweka simu mbele ya mama yake aliyeketi kando yao.

Bi Chausiku aliisukuma simu kando kwa mkono wake mzima, akaitia kaseti redioni, akabonyeza.

"Kitendawili!" ikaita sauti yake ya zamani.

"Tega!" wakaitikia baba na mtoto.

Utepe ukakwaruza, ukanyamaza. Midomo ya Bi Chausiku ikaanza kutikisika, ikijaribu kukitega kitendawili kilichokatika.